Uso wa Mama Salome Ukutani

Walipofunga ndoa bomani Mwanza, Mwamvua na Donatus hawakupata nafasi ya kwenda popote. Miezi minne baadaye, mwezi Juni, wakabahatika kupata likizo ya wiki moja kwa pamoja. Donatus, ambaye ni mpima ardhi, alitaka waende Ukerewe wakapumzike kando ya ziwa. Mwamvua akakataa. Alitaka waende Mwabagina.

Mwabagina ni mji mdogo kati ya Kahama na Geita. Una barabara moja ya vumbi yenye maduka pande mbili, ghala la pamba, msikiti, makanisa matatu, na nyuma yake kilima kilichotobolewa na wachimbaji wadogo mpaka kimebaki kama sega la nyuki. Kutwa nzima makarasha yanasaga mawe, na mtu ukizungumza inabidi upaze sauti. Hakuna anayekwenda pale kwa likizo. Lakini Mwamvua ni mpiga picha, na pale ndipo alipoipata picha iliyomtoa.

Miaka miwili kabla, shirika moja la afya lilimtuma akae pale wiki nzima apige picha za maisha ya machimboni. Yeye ni mtu wa Korogwe. Hakujua hata neno moja la Kisukuma. Alikula kila siku kwenye kibanda cha mama lishe mmoja, Lusia, ambaye watu wote walimwita Mama Salome kwa jina la binti yake wa pekee. Mama Salome alimwekea kiti karibu na jiko, akamfundisha kusema mwangaluka asubuhi na mwadila jioni, na alipojua kuwa mgeni huyu anakunywa chai peke yake chumbani, akamgombeza kama mwanawe. Siku ya tano Mwamvua akamwomba ampige picha. Mama Salome akauliza ni ya nini. Mwamvua akasema ya kalenda. Basi akasimama na mwiko wake mkononi, moshi ukimzunguka, akaitazama kamera bila kutabasamu na bila woga. Picha ile ilipata tuzo Dar es Salaam, na tangu hapo kazi zikawa zinamfuata Mwamvua zenyewe.

Donatus alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi hata akajiona anamfahamu Mama Salome. Ndani ya basi Mwamvua alimweleza watakavyokula dagaa wa nazi wa mama huyo, maana Mama Salome alijifunza kupika dagaa kwa nazi kwa ajili yake. Alikuwa amembebea kitenge, na picha yenyewe ndani ya fremu.

Walishuka saa saba mchana, wakaweka mizigo nyumba ya wageni, wakaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kioski cha kuchaji na kutengeneza simu, na ndani yake mwanamume mmoja, Ngusa, aliyekuwa akifungua simu kwa bisibisi ndogo. Mwamvua akamsalimu, akamuuliza Mama Salome amehamia wapi.

Ngusa akaiweka bisibisi chini, akamtazama. Akasema Mama Salome hapiki tena, yuko kwake, ng'ambo ya mashamba ya pamba. Kisha akamgeukia mwenzake aliyekaa kwenye benchi, akasema jambo kwa Kisukuma, na yule naye akainua uso kumwangalia Mwamvua.

Donatus amezaliwa Mwanza, mama yake ni wa Shinyanga, na Kisukuma anakijua. Walipokwisha kusogea hatua kadhaa Mwamvua akamuuliza yule mtu alisema nini.

"Amesema, ndiye huyu aliyembandika Mama Salome ukutani."

Mwamvua alielewa, au alielewa kiasi. Shirika lilimwambia wakati ule kwamba picha itatumika kwenye mabango ya kampeni ya kifua kikuu, ugonjwa unaowasumbua sana wachimbaji kwa sababu ya vumbi la mawe. Hakuuliza wataandika maneno gani. Akamwambia mumewe ni mabango ya afya tu, mambo ya kawaida. Hata hivyo hakukubali warudi kupumzika. Akamwongoza mpaka zahanati.

Bango lilikuwa ukutani karibu na mlango, nyuma ya benchi la wagonjwa, limepauka kwa jua lakini linasomeka. Mama Salome alikuwa mkubwa kuliko mtu mzima alivyo. Mwiko ulikuwa umekatwa, na kibanda pia, umebaki uso na moshi, na moshi ule sasa ulionekana kama unatoka kifuani mwake. Chini yake kulikuwa na maandishi mekundu: NILIKOHOA WIKI TATU NIKANYAMAZA. USIFANYE KAMA MIMI.

Wanawake wawili waliokaa kwenye benchi walisogea ili wageni waone vizuri. Donatus alisoma mara mbili. Akauliza, "Kwani aliugua?"

"Sijui," Mwamvua akasema. Lakini alijua. Mwanamke yule hakukohoa hata mara moja wiki nzima aliyokaa naye.

Asubuhi yake wakaenda kwa Mama Salome. Njia ilipita katikati ya pamba iliyopasuka, watu wakichuma, na kila waliyempita aliitikia salamu ya Donatus kwa uchangamfu, kisha akimwona Mwamvua sauti inashuka. Walifika kwenye nyumba ya bati yenye uwanja uliofagiwa, ikipakana na jabali kubwa ambalo juu yake zilianikwa michembe, vile vipande vyeupe vya viazi vitamu. Mama Salome alikuwa akivigeuza. Alikuwa amepungua, na nywele zimekuwa mvi kabisa.

"Shikamoo mama," Mwamvua akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja." Akateremka jabalini, akampa mkono. Akampokea Donatus kwa salamu, akafurahi kumsikia akijibu kwa Kisukuma, akamuuliza ukoo wa mama yake mpaka wakapata mtu wanayemfahamu wote wawili. Akaleta viti. Akaleta maziwa na viazi vilivyochemshwa. Mwamvua angependa kufukuzwa kuliko kula vile viazi. Kitenge alikitoa. Fremu akaiacha ndani ya mkoba, akausukuma mkoba chini ya kiti kwa mguu.

Mama Salome hakuanza yeye habari ile. Ni Donatus aliyeuliza kwa upole kwa nini ameacha kupika, na yeye akaeleza bila kupandisha sauti, kama anayeeleza mvua iliyokosa kunyesha.

Bango lilibandikwa mwezi Februari mwaka jana, zahanati na stendi. Siku ya kwanza wateja walimtania. Baada ya wiki wakapungua. Wachimbaji ni watu wa kusafiri. Aliyefika mgeni hakumjua, alisoma tu ukutani kisha akamwona anapakua ugali. Mama Salome akaenda kupima makohozi, mara tatu, na mara tatu majibu yakasema hana kitu. Mganga wa zahanati, Onesmo, akamwandikia barua yenye muhuri. Akaitia kwenye nailoni akaitundika kibandani, juu ya sufuria. Watu walikuja, wakaisoma barua mpaka mwisho, wakamwambia pole, wakaenda kula kwa jirani.

Wakati huo Salome alikuwa ameposwa. Ukoo wa akina Ngassa, watu wa kijiji cha pili, walikuwa wamekuja mara mbili kwa mazungumzo na siku ya kuleta ng'ombe wa mahari ilikwishatajwa. Wakatuma mtu kusema wangoje kidogo. Wakangoja. Mwezi wa tano wakasikia kijana ameoa kwingine.

"Nilikwenda kwa Onesmo," Mama Salome akasema, "nikamwambia ondoa hii picha, mimi sikusema maneno haya. Onesmo si mtu mbaya. Akawapigia simu wenyewe. Wakamjibu kwamba karatasi ipo, jina langu lipo, na kidole changu nimeweka. Wakamtumia kwenye simu, akanionyesha."

Akafuta mikono kwenye kanga.

"Nikaona kidole. Nikafikiri, labda. Siku ni nyingi, watu wengi wanapita na makaratasi, wa pembejeo, wa kura, wa vyandarua. Labda niliweka. Nikamwambia Salome, mwanangu, labda mama yako alikubali bila kuelewa. Ndipo aliposhika njia akaenda Geita. Anashona kwa mtu huko. Hapokei simu yangu."

Mwamvua alikuwa ameangalia chini. Kidole kile kilikuwa chake.

Shirika lilipoichagua ile picha, lilimwandikia kwamba linataka fomu ya ridhaa kabla ya Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Mwabagina ni safari ya kutwa, na Alhamisi alikuwa na kazi ya harusi Mwanza. Alichapisha fomu, akaandika Lusia Mayala kwa mwandiko uliopinda, akabonyeza dole gumba lake la kushoto kwenye kidau cha wino wa mihuri, akaligandamiza kwenye karatasi. Alinawa kwa sabuni, akaenda kupika chai. Alijiambia kuwa mama angekubali tu kama angeulizwa, na jambo likaisha. Kwa miaka miwili hakulifikiria zaidi ya mara mbili au tatu.

Hapo uwanjani alikuwa na nafasi ya kusema. Mama Salome alikwishamaliza, Donatus alikuwa akimwangalia. Mwamvua akasema, "Pole sana mama," akasikia jinsi neno lile lilivyo dogo, na hakuongeza. Baada ya muda kidogo wakaaga.

Walikuwa wamefika katikati ya pamba Donatus aliposimama.

"Yule mama ana akili zake timamu," akasema. "Amekumbuka ukoo wa mama yangu mpaka mtu wa nne. Hawezi kusahau alipoweka kidole."

Mwamvua akamwambia. Alimwambia yote, hata ile sabuni. Alipomaliza Donatus hakumgombeza. Alichuma tumba moja la pamba lililokuwa limening'inia, akalishika tu.

"Kazini nimeona watu wakitoana damu kwa ajili ya jiwe la mpaka," akasema. "Na aliyelisogeza siku zote anasema alilisogeza kidogo tu." Kisha akasema atamsubiri palepale.

Ile njia Mwamvua aliyoirudia peke yake ilikuwa fupi kuliko alivyotaka. Wachumaji walimwona akirudi, wakaacha kuzungumza. Alitamani hata mmoja amtukane ili apate la kujibu. Mama Salome alikuwa amepanda tena jabalini. Alipomwona akateremka, akidhani amesahau kitu.

Mwamvua hakuketi. Alisema akiwa amesimama, kwa haraka, akiogopa kwamba akipumua ataanza kujitetea.

"Mama, kidole kwenye ile karatasi si chako. Ni changu. Niliweka mimi, chumbani kwangu, Mwanza. Jina lako niliandika mimi. Hukusahau kitu. Hukuwahi kukubali."

Mama Salome akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

Mwamvua akampa mkono wa kushoto. Mama Salome akalishika lile dole gumba, akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kwa makini kama anavyotazamwa mtoto aliyechomwa na mwiba. Kisha akauachia mkono.

"Mwaka mzima," akasema, "najiona nimeanza kuchanganyikiwa. Kuku nawahesabu mara mbili. Nikitia chumvi naonja, halafu naonja tena, kwa kuwa sijiamini. Nilijua ndivyo uzee unavyoanza."

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe kitu sasa hivi. Piga simu."

Alimtajia namba ya Salome kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine bila kukosea. Mwamvua akapiga kwa simu yake, maana ya mama isingepokelewa, akaweka sauti ya nje. Cherehani ilisikika nyuma. Akajitambulisha. Cherehani ilisimama. Akasema yale aliyoyasema uwanjani, na mara ya pili yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu sasa mwenyewe alikuwa anayasikia.

"Rudia," Salome akasema.

Akarudia.

"Ulilipwa nini, dada? Au ulikuwa unamchukia mama yangu?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

Salome akasema, "Mpe mama."

Mama Salome akaichukua simu kwa mikono miwili, akaenda nayo upande wa pili wa jabali. Walizungumza Kisukuma. Mwamvua alikuwa anasikia sauti zote mbili na hakuelewa ila neno moja, mayu, mama, lililokuwa likirudiwa kwenye simu tena na tena, kwanza kwa hasira, halafu si kwa hasira. Alikaa chini mavumbini palepale. Hakustahili kusikiliza, na kuondoka hakuweza, kwani simu ilikuwa yake.

Mama Salome aliporudi, macho yalikuwa mekundu, lakini alisimama wima kuliko asubuhi.

"Jumamosi ni mnada," akasema. "Utasema mbele ya watu kama ulivyosema kwangu. Usipunguze."

Mwamvua alikuwa amefikiria barua. Barua kwa shirika, barua kwa zahanati. Akasema ndiyo.

Kutoka siku ile mpaka Jumamosi zilikuwa siku tatu, na mji ni mdogo. Alinunua maji kwenye duka akahisi mwenye duka anajua, ingawa hakujua. Alikwenda kwa Onesmo kumweleza, na Onesmo, mtu mtaratibu mwenye miwani, alisikiliza akitikisa kichwa polepole. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia yule mama kwamba kidole hakidanganyi. Kisha akatoka nje na kisu, wakalibandua bango wao wawili vipande vipande, kwa kuwa gundi ilikuwa imekamata, na jicho moja likakataa kutoka. Onesmo akapaka chokaa juu yake. La stendi lilikuwa juu mno; walipata ngazi siku ya pili.

Mnadani palikuwa na mwuza mitumba mwenye kipaza sauti, Jilala, aliyekubali kumwachia dakika chache bila kuuliza ni za nini. Mwamvua alipanda juu ya meza ya nguo. Donatus alisimama chini yake akitafsiri. Mama Salome alikuwa kwenye mstari wa mbele amejifunga kile kitenge kipya, uso wake ukitazama watu, si mzungumzaji.

Mwamvua akasema jina lake na kazi yake. Akasema mama huyu hajawahi kuugua kifua kikuu, na hata angeugua, ni ugonjwa unaotibika na si sababu ya kumkimbia mtu. Akasema maneno ya kwenye bango hayakutoka kinywani mwake, na kidole kwenye karatasi hakikuwa chake. Alipofika kusema ni cha nani, alilazimika kuanza upya. Donatus alitafsiri neno kwa neno. Angeweza kulainisha, kwani Mwamvua asingejua, lakini alivyosikia watu wakiguna alijua hakulainisha.

Wengine walicheka. Mmoja akasema hawa wa mjini ndio walivyo. Wengi walirudi kwenye ng'ombe na nguo zao, na Jilala akataka kipaza sauti chake. Ndipo bibi mmoja mwenye fimbo akasogea karibu na meza, akauliza jambo, na Donatus akakawia kutafsiri.

"Anauliza, yule baba wa kwenye bango la wazee waliopooza, kule hospitali ya Kahama, na yule binti wa bango la mimba za utotoni. Wao waliulizwa?"

Mwamvua aliwafahamu wote wawili. Picha ni zake. Baba yule aliweka kidole mwenyewe, alikumbuka. Binti ni wa karibu na Buzwagi, upande wa Kahama, na fomu yake aliijaza siku ileile pamoja na ya Mama Salome na nyingine mbili, mezani kwake.

"Binti hakuulizwa," akasema.

Donatus akamwangalia mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akamtafsiria yule bibi. Bibi akatikisa kichwa, akaondoka na fimbo yake.

Kesho yake hawakurudi Mwanza. Walipanda basi la Kahama kumtafuta yule binti, na njiani hawakuzungumza. Walimkuta kwa shangazi yake. Ni habari nyingine, na haikuwa nyepesi kuliko hii. Likizo ikaishia kwenye vituo vya basi. Mwamvua aliporudi aliliandikia shirika, akataja fomu zote nne. Walimjibu kwa mistari mitatu, na kazi zilizokuwa zikimfuata zenyewe zikaacha kumfuata. Tuzo aliirudisha kwa posta. Siku hizi anapiga picha za pasipoti karibu na soko la Kirumba, na kila anayeketi mbele yake anamwuliza kwanza kama yuko tayari.

Donatus hakumwacha. Lakini ilimchukua muda kurudi kumwamini katika mambo madogo, kama mlango umefungwa au haukufungwa.

Mwezi Agosti Mwamvua alijipa moyo akapiga simu Mwabagina. Mama Salome alipokea. Alisema pamba imeuzwa, na kwamba Salome amekuja wiki mbili, yupo hapo nje, amemletea gauni aliloshona mwenyewe. Kupika kibandani hatarudi, amezoea nyumbani. Alimuuliza hali ya Donatus na ya mama mkwe.

Mwamvua akauliza kama anaweza kwenda kuwasalimia.

Mama Salome akafikiri kidogo. Nyuma yake mtu alikuwa akicheka, sauti ya mwanamke kijana.

"Bado," akasema. "Nitakuambia."